Lete Mikono

Nikisikia harufu ya grisi namkumbuka baba, uani kwetu Makole, akichonga kwa tupa gia za mashine za alizeti. Kipimo cha meno ya gia alikikata kwenye karatasi la boksi, kikalowa grisi, akakificha chini ya godoro. Hakumwamini mtu, hata mimi.

Siku moja alikikuta kimekunjika pembe.

“Wewe, lete mikono.”

Akainusa. Ilinukia sabuni tu. Nilishaiosha mara tatu.

“Haya, kacheze.”

Leo uliza Dodoma nzima fundi gia ni nani, utaletwa kwangu Nzuguni, na darasa la saba sikumaliza. Vipimo vyangu navifungia kabatini.

Jana mwanangu alikuwa anatoka karakanani kwangu, nikamwita.

“Lete mikono.”

Ilinukia sabuni.

Asubuhi hii nimenunua kufuli jipya.