Inchi Tano za Baba Mdogo

Mama mdogo wangu ni fundi cherehani. Kwa miaka ishirini na sita ameupima mtaa mzima kiuno, kifua na nyonga, na kila kipimo kiko kwenye daftari lake lenye jalada gumu. Mimi ni muuguzi wa zahanati iliyo mtaa wa pili. Nina mashine ya presha, mizani, kipimo cha sukari, na cheti chenye muhuri ukutani. Lakini wagonjwa wakitoka kwangu hupitia kwake kuhakikisha kama nimesema kweli.

Hilo liliniudhi, sitaficha. Mtu ninamwambia apunguze chumvi, anaitikia huku jicho liko mlangoni. Mama mdogo anamzungushia futi tu na kumuuliza, "Umeongezeka inchi mbili tangu mkweo ahamie kwako. Mnagombania nini?" Basi hapo mtu analia, anamwaga yote, na mwezi unaofuata presha imeshuka. Aliwahi kumwambia mwalimu mmoja, mbele za watu, kwamba bega lake la kulia limepanda kuliko la kushoto na halitashuka mpaka aombe uhamisho. Mwalimu akahama shule, bega likashuka. Nilikwenda kulikagua mwenyewe.

Sasa, baba mdogo. Mumewe huyu alikuwa karani wa ghala la vipuri vya mashine kwa miaka thelathini na moja. Kiuno inchi thelathini na nane, mcheshi, mbishi asiyekubali kushindwa hata na redio. Alistaafu mwezi wa pili. Mwezi wa tano akampelekea mkewe suruali.

"Hebu nipunguzie kidogo," alisema. "Vitambaa vya siku hizi vinatanuka ovyo."

Akampunguzia. Mwezi wa sita akaleta nyingine. Mwezi wa saba akaanza kutoboa mkanda kwa msumari kule jikoni, akidhani nyundo haisikiki. Siku hiyo mama mdogo aliingia zahanati bila kupanga foleni, futi ingali shingoni.

"Thelathini na tatu," alisema, akaketi kwenye kitanda cha wagonjwa. "Inchi tano, mwanangu. Mume wangu anakwisha."

Marehemu babu, baba yake, alikwisha vivyo hivyo, suruali moja baada ya nyingine, na aliyezipunguza zote ni yeye.

Baba mdogo aliletwa ameshikwa mkono kama mtoto wa chanjo. Tukampima damu, sukari, mkojo, choo, kifua. Daktari aliyaangalia majibu, akamwambia, "Mzee, wewe ni mzima kuliko mimi." Nikachukua fomu nimuulize maswali yetu. Unavuta sigara? Havuti. Pombe? Hanywi. Unalala? Kama gogo. Unakula?

"Ninakula sana," alisema.

"Anakula," mama mdogo akashuhudia. "Kila asubuhi namwachia hotipoti imejaa. Jioni naikuta nyeupe, hata mchuzi habakishi."

Nikaandika: hamu ya kula nzuri. Mstari huo unanitia aibu mpaka leo.

Basi mama mdogo akaongeza chakula. Nyama mara mbili, siagi juu, hotipoti ya pili pembeni. Zote zilirudi tupu na baba mdogo akazidi kuyoyoma. Ikapitishwa sheria kwamba atapimwa kila Jumamosi asubuhi. Jumamosi ya kwanza futi ilisoma thelathini na tano na nusu, na vigelegele vya mama mdogo vilifika kwa jirani. Furaha ilidumu mpaka jua lilipopanda. Baba mdogo alikuwa anatiririka jasho, akaingiza mkono mfukoni kutafuta leso, akatafuta kwenye mfuko uliokuwa chini ya ule mfuko, kisha kwenye mwingine chini ya huo. Alikuwa amevaa suruali tatu.

"Nilihisi baridi," alijitetea. Lami nje ilikuwa inanata kwenye viatu.

Aliyeufungua ukweli ni fundi wa saa, jirani yao wa ukuta mmoja. Alikuja dukani kwa mama mdogo na mbwa wake akitaka ashonewe mkanda mpya wa shingo, wa zamani haufungi tena. Mimi nilikuwepo, nimempelekea mama mdogo dawa yake ya kiungulia, maana yeye mchana hula amesimama, mkono mmoja kijiko, mwingine cherehani.

"Amevimba, sijui ana nini," fundi saa alilalamika. "Na habweki. Juzi mtu karuka ukuta, huyu akamtazama, akageukia upande wa pili akaendelea kulala."

Mama mdogo alimpima mbwa shingo. Kisha, kwa mazoea tu, akampima tumbo. Akarudia kupima.

"Alikuwa mwembamba mara ya mwisho lini?"

"Mwezi wa pili mbavu zilikuwa zinahesabika, mama."

Aliikunja futi taratibu, akanigeukia. "Mwanangu," alisema, "nyama yangu hii hapa."

Kesho yake saa saba mchana tuliingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Njiani mama mdogo alinifanyia mazoezi ya maneno yote aliyoyaandaa, na yalikuwa makali, mengine siwezi kuyaandika. Baba mdogo alikuwa uani, amekalia ndoo iliyopinduliwa, hotipoti mapajani. Kichwa cha mbwa kilikuwa kimetokeza kwenye tundu la ukuta.

"Meneja akasema bolti hizo hazipo," baba mdogo alikuwa anamsimulia, huku akimpa kipande cha nyama. "Nikamwambia, mheshimiwa, rafu ya nne, boksi la kijani. Kaenda kuangalia. Zilikuwepo au hazikuwepo? Nijibu!"

Mama mdogo alikohoa. Baba mdogo aliruka na ndoo yake.

"Mke wangu! Huyu mnyama ana njaa sana."

"Njaa!" alifoka mama mdogo. "Mwangalie!"

Mbwa alikuwa anajaribu kurudisha kichwa kwao na kichwa kimegoma. Ilibidi nimsukume taratibu, sikio moja moja. Nilipogeuka, baba mdogo alikuwa ameinamia hotipoti.

"Chakula ni kizuri," alisema. "Hakipiti tu. Kule ghalani tulikuwa watano. Tunakula tunabishana, hujui hata sahani imeisha saa ngapi. Hapa nikifunua hotipoti nasikia saa ya ukutani. Nikitafuna nasikia meno yangu mwenyewe. Niliona haya. Mtu mzima nikwambie nini, kwamba siwezi kula peke yangu?"

Yale maneno makali yote yakayeyuka.

"Mjinga wewe," mama mdogo alisema. "Nimekuzika moyoni mara ngapi, na wewe uko hapa unamsimulia mbwa habari za bolti!" Akakaa chini, pale pale vumbini, akalia.

Mimi nilirudi zahanati nikaongeza swali kwa kalamu kwenye kila fomu iliyokuwa kabatini: unakula na nani? Daktari aliuliza nani kaziharibu fomu zake. Nikamwambia ni mimi, na sifuti.

Mama mdogo alitundika kadibodi mlangoni kwake: saa saba mpaka saa nane fundi hayupo. Wateja wakanuna, akawaacha wanune. Msidhani mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza walitazamana tu. Miaka yote ya ndoa hawakuwahi kula pamoja mchana wa siku ya kazi, na hakuna aliyejua aanzie wapi. Baba mdogo alikula vijiko vinne, akasema ameshiba. Wiki ya pili alisema, kwa kujisahau, kwamba kushona si kazi ngumu kama kupanga vipuri. Mabishano yalidumu mpaka Alhamisi, na sahani zilianza kurudi zikiwa nusu.

Wiki ya tatu nilikuwa dukani, nimesimama juu ya stuli na sare mpya, mama mdogo ananibania pindo huku amejaza pini mdomoni. Simu ikaita. Saa saba kasoro robo. Mikono yake ilikuwa na kazi, nikamshikia simu tukasikia sote.

"Uko wapi?" baba mdogo aliuliza kwa ukali. "Nina njaa."

Mama mdogo alitema pini zote kwenye kiganja.

"Rudia."

"Nina njaa, mwanamke! Unataka nife?"

Alijifuta macho kwa pindo langu, akacheka, akajifuta tena, akatoka mbio bila kufunga duka, futi inapepea nyuma. Akaniacha juu ya stuli, sare imebanwa upande mmoja, pini zote zikinielekea mapajani. Kila niliposogea zilinichoma. Nilisimama saa nzima na robo, na wateja waliopita niliwaambia fundi yuko mezani na mumewe, wasubiri.