Waya Haukuwa na Kosa

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni fundi wa kompyuta hospitalini. Mtaani yanasemwa mengi juu yake, na mengine yanamgusa hadi aliyelala kaburini. Afadhali yatoke nyumbani kwetu yakiwa kamili.

Tangu utotoni aliitwa Taratibu. Hata chai huikoroga kama anayeogopa kuiumiza. Mume wangu ndiye aliyemfundisha kazi, na ndiye aliyeutandaza mtandao wa hospitali ile tangu mwanzo. Alikuwa mtu wa mpangilio: mashine za ghorofa ya chini alizipa anwani za namba ndogo, za ghorofa ya juu akazipa namba kubwa, ili fundi akiona namba tu ajue kama apande ngazi au asipande. Alipofariki, Taratibu aliacha kazi kiwandani alikokuwa, akashika nafasi ya kaka yake. Watu wakasema maji hufuata mkondo, nami sikuwakataza.

Mwaka jana ilinunuliwa seva mpya ya kupeleka majibu ya maabara wodini, na Taratibu ndiye aliyeiwekea Linux, programu ya kuiendesha. Kazi ile ikifika mahali pa mtandao, mashine huuliza kama ijitwalie anwani yoyote itakayopatikana, au ipewe anwani ya kudumu. Seva haifai kuhamahama kama paka wa jirani. Akachagua ya kudumu, akaiandika sawasawa, namba ndogo ya ghorofa ya chini. Chini yake huandikwa namba ya pili, namba ya mpaka, inayoijulisha mashine majirani zake wanaishia wapi. Hapo mkono ukaitangulia akili. Kule kiwandani mtandao ulikuwa umegawanywa nusu mbili, na kwa miaka aliyokaa kule aliandika mpaka wa nusu. Akauandika uleule. Njia ya kutokea nje hakuiweka, kwa kuwa seva ile haikutakiwa kuzungumza na yeyote wa nje. Basi namba kubwa zikabaki ng'ambo ya mpaka, ikaamini kuwa dunia inaishia ghorofa ya chini.

Chini majibu yalifika. Juu, walikolazwa kina mama waliojifungua, kimya. Wauguzi wakawa wanashuka ngazi kufuata majibu maabara na kupanda nayo mkononi, huku wakilalamika miguu.

Wiki hiyohiyo fundi nyaya wa hospitali, mtu mzima tunayemwita Baba Ngazi, alikuwa amevuta waya mpya wa kwenda juu. Nani angetafuta kosa kwingine?

"Waya wako umekufa, Baba Ngazi," mkuu wa utawala alimwambia mbele ya watu.

"Nimeupima, bosi. Ni mzima."

"Mzima husema. Huu mbona umenuna?"

Watu wakacheka. Taratibu alikuwa amesimama nyuma, naye akacheka kidogo.

Mzee akafumua dari, akavuta waya mwingine. Alikuwa bado huko juu akiuunganisha, vumbi hadi kwenye kope, Taratibu alipoketi kuikagua seva yake na kuiona ile namba. Akaisahihisha. Ghorofa ya juu ikaamka.

"Vipi huko chini?" mzee akauliza kutoka darini.

"Imekubali," Taratibu akajibu.

Uongo haukuwamo katika neno lile, wala ukweli. Mkuu alikwisha kuamua: waya wa kwanza ulikuwa mbovu, na mkataba wa mzee ukiisha mwisho wa mwezi hautaongezwa.

Nyumbani nikaona mtu anaichezea sahani.

"Shemeji, unakula au unahesabu punje?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa?"

Jumapili Baba Ngazi akaja kututengenezea swichi ya sebuleni, kama alivyozoea tangu enzi za mume wangu. Alipanda kiti, bisibisi mkononi, akasema bila kugeuka, "Mdogo wangu, wenzako wote walinisema. Wewe hukutia neno. Kaka yako alikulea."

Taratibu akatua kikombe chake, akatoka uani. Nilipomfuata nilimkuta anafua shati lililo safi.

"Waya ulikuwa mzima," akasema.

"Waya upi?"

Akanieleza yote, povu likimkaukia mikononi. Kisha akasema, "Nikisema, watasema kazi ya kaka imeharibiwa na mdogo wake. Jina letu je, shemeji?"

"Jina letu liko sebuleni, linatengenezewa swichi na mtu uliyemponza. Mwambie yeye kwanza. Mkuu ni kesho."

Akaingia ndani bila kunawa mikono. Nilibaki mlangoni. Nikasikia bisibisi ikinyamaza.

"Ulijua lini?" mzee akauliza.

"Ukiwa darini."

"Nilipokuuliza?"

"Ulipouliza nilikuwa nimekwisha kujua."

Mzee akamaliza kukaza skrubu, akashuka, akaniaga mimi.

Kesho yake Taratibu alimwomba mkuu aje chumba cha seva, na Baba Ngazi awepo. Akairudisha namba mbaya mbele yao. Simu ikapigwa kutoka juu kwamba majibu yamekwama. Akaandika namba sahihi, yakafika. Waya haukuguswa na mtu. Mkuu aliitazama ile dari iliyofumuliwa bure, akasema mkataba wa mzee utaongezwa. Taratibu alipewa onyo, na funguo za chumba kile sasa huziomba kwa mwenzake.

Wanaosema mpangilio wa mume wangu ndio ulioleta balaa, hawajui wasemalo. Mpangilio ule unafanya kazi hadi leo, na aliyekosea amekiri kwa kinywa chake.

Baba Ngazi bado huja kwetu, hunywa chai, huulizia watoto. Lakini hamwiti tena Taratibu 'mdogo wangu', humwita fundi. Na kila Taratibu anapoweka mashine mpya, humwita mzee asimame nyuma ya kiti chake aisome ile namba ya mpaka kwa sauti, ingawa kazi yake ni nyaya. Mzee huisoma yote, pole pole, kisha huchukua ngazi yake akaenda.