Maharage ya Restituta hayakuwa na kosa

Mpaka sasa nashika simu nimpigie, halafu nakumbuka. Dada Restituta, bibi shamba wetu hapa Makere, amefariki jana Kasulu. Homa ya siku tatu tu.

Alihamishiwa huku kutoka Mwanza. Wiki ya kwanza anatusalimia kwa Kiha, "Mwakeye", kwa lafudhi mbovu, tunacheka, naye anarudia kwa sauti zaidi.

Ndiye aliyeleta ule unga mweusi wa bakteria. Unaupaka kwenye mbegu ya maharage, wanaingia mizizini, wanavuta naitrojeni ya hewani na kulisha mmea. Nikamwambia mbele ya kikundi chetu cha wakulima, "Dada, bakteria ndio wanaotupeleka zahanati, wewe unatuletea shambani?"

"Hawa wanafanya kazi kuliko wewe, kaka, na hawalalamiki." Watu 32 walinicheka.

Nikachukua pakiti moja. Maharage yakatoka ya njano, eka nzima. Nikatangaza kila mahali: dawa feki, aliyeileta tapeli. Kikundi chote kikaacha. Leo hii hata kijiji cha Titye shamba likifeli wanaliita "maharage ya Restituta."

Alikuja kwangu. "Mbegu ulipomaliza kuipaka, uliiweka wapi?"

"Nilianika kwenye turubai. Mbegu yenye maji inaoza."

"Kwa muda gani?"

"Saa nne mpaka saa nane."

"Kaka, wale ni viumbe hai. Umewakaanga."

Alishasema tuianike kivulini. Lakini huku kila mbegu tunaianika juani, na mimi wa darasa la saba, niliyejitafutia kila kitu, sikutaka kufundishwa jembe.

Tukapanda tena kwangu, shamba la mfano: mistari kumi kwa unga, kumi bila. Yalipotoa maua tukang'oa mche mmoja kila upande. Usio na unga, vinundu 5 kwenye mizizi. Wenye unga, 38. Akapasua kimoja kwa ukucha, ndani chekundu. "Ukiona nyekundu, wako kazini."

Hakumwambia mtu kosa langu. Aliniomba tu, "Uwaambie mwenyewe." Nikasema wiki ijayo. Nimesema wiki ijayo mara sita.

Leo wanakikundi mnaandika humu "mchapakazi", "pengo halizibiki". Ninyi ndio mlikuwa mnamwita tapeli akipita na pikipiki yake. Nina hasira na ninyi, ila neno hilo mlilitoa kwangu.

Basi someni vizuri: unga ulikuwa mzima. Aliyeharibu ni mimi. Ijumaa nitasimama kwenye kikundi niseme hivi hivi, kwa mdomo wangu.

Ulistahili kuwepo usikie, dada. Nimechelewa kwa siku moja na wiki sita. Pumzika, jina lako nitalisafisha mwenyewe.