Siku Nilipowaamia Ndege wa Mbinga

Hata leo, nikisikia debe likigongwa, mkono wangu hutafuta jiwe. Nililelewa Chiwanda, kwenye mpunga, na kazi yangu tangu alfajiri ilikuwa kuamia ndege: kugonga debe, kurusha mawe, kupiga kelele hadi sauti ikauke.

Soko huria lilikuwa limefika hata kwetu, na shule nazo zikawa za kuchangia ada. Dada yangu Adela alikuwa darasa la saba, na mama alishaapa kwamba mpunga wa mwaka ule ndio utakaompeleka sekondari.

Mpunga ulipoanza kuiva, mwalimu akatangaza safari: darasa letu la tatu lingepanda lori la mnunuzi wa kahawa hadi Mbinga mjini, kutazama ndege kwenye bwawa la matete lililohifadhiwa. Nililia, nikagaragara niruhusiwe kwenda. Adela alikuwa Lipingo akimuuguza bibi. Mama, mwenye mtoto mchanga mgongoni, akasema, "Nenda, mwanangu. Siku mbili tu, nitaamia mwenyewe."

Bwawani tulipokelewa na mzee wa Kizungu mwenye darubini, akatuchuchumaza kimya. Mara kundi la kwelea, walewale wezi wa mpunga wetu, likatua kwenye matete. Wenzangu walinong'ona kwa furaha. Mimi, mjinga wa watu, nilisimama nikapiga ule ukelele wangu wa shambani na kuvurumisha jiwe. Bwawa zima likaruka.

Mwalimu alinizaba kofi. "Umetuaibisha! Ndege wa watu hao!"

Kesho yake nilifika nyumbani nimenuna. Mama alikuwa ameketi mlangoni, akipekecha mashuke matupu ya mpunga. Mtoto alikuwa ameshikwa na homa, mama akamkimbiza zahanati, na aliporudi shambani kwelea walikuwa wamemaliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, mmeona nini huko?"

"Hamna kitu. Ndege tu, hawahawa wa kwetu."

"Aa," akasema, akaendelea kupekecha.

Adela alifaulu, lakini hakwenda. Aliolewa kabla hajafikisha miaka kumi na saba. Hakuna aliyenilaumu hata siku moja, na afadhali wangenilaumu.

Mama alishazikwa nilipokuja kulielewa swali lake. Shamba lilikuwa limekwisha, naye alitaka kusikia kwamba angalau mtoto mmoja alifurahi. Neno moja tu lingetosha, hata la uongo. Nilimnyima.