Upindo wa Sketi ya Akeyo

Beli ya mitumba ikikatwa kamba, harufu yake hukufikia kabla hujaona nguo yenyewe. Ni harufu ya vumbi la mbali, dawa ya nondo na jasho la watu usiowajua. Hadi leo nikipita soko la Rongo nikaisikia, mkono wangu wa kulia huwa mzito, kama bado umebeba ile sketi ya buluu. Mimi ni mtu mzima sasa, nina watoto, na kanisani watu hunipisha kiti cha mbele. Habari hii sijawahi kuisimulia yote. Nawasimulia nyinyi kwa sababu hamjui nyumbani kwangu.

Mama yangu aliuza mitumba pale Rongo miaka ya tisini. Nguo nzuri alizitundika kwenye kamba, zilizobaki akazimwaga chini juu ya turubai, watu wainame wachambue wenyewe. Dada zangu wakubwa walikuwa shule za bweni, kwa hiyo beli ikifunguliwa, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutumbukiza mikono. Kwa njia hiyo nikajaza sanduku la bati mpaka likawa halifungi, nikawa nalikalia. Nilikuwa na gauni jekundu lenye utepe mgongoni, gauni la kijani la mahameli, la manjano lenye mabega yaliyofura, na mengine na mengine. Yote kumi na saba. Nilijua idadi kwa sababu niliyahesabu kila Jumapili, na sioni haya kusema hivyo.

Ila hakuna nguo iliyopatana na mwenzake. Blauzi ya zambarau haikuwa na sketi ya kuendana nayo, na sketi ya maua ilikataa blauzi zote. Halafu kila nguo ilikuwa na kelele zake, ukiivaa mara moja mji mzima unaikumbuka. Nikirudia lile jekundu, wasichana wa kisimani walikuwa wakisema, "Pamela, leo tena ni Krismasi?"

Akeyo alikuja kwetu likizo ya Aprili, tulipokuwa na miaka kumi na mmoja sote wawili. Alikuwa binti wa mama yangu mdogo, fundi cherehani wa Ndhiwa, ambaye alikuwa ameugua kwa muda mrefu kisha akafariki mwezi mmoja tu kabla ya hapo. Baba yake alikuwa ametangulia. Mama alimshika Akeyo begani akaniambia, "Huyu si mgeni. Huyu ni dada yako. Mpe nafasi kwenye kitanda." Nikampa nafasi, kidogo, upande wa ukutani.

Alipofungua mfuko wake nilifurahi sana. Humo mlikuwa na sketi moja ya buluu iliyokoza, gauni la kahawia lisilo na mikono, blauzi mbili, nyeupe na ya samawati, sweta ya kijivu na leso ya marehemu mama yake. Basi. Zote zilitoshea kwenye misumari miwili nyuma ya mlango. Nilimwonea huruma, na nawaambia ukweli, ile huruma ilikuwa tamu.

Haikudumu. Sabato ya kwanza Akeyo alivaa sketi ya buluu na blauzi nyeupe, na kanisani akina mama wakageuka kumtazama. Sabato ya pili akavaa ile ile sketi na blauzi ya samawati, sweta imetupwa mabegani, na mtu angeapa ni nguo nyingine kabisa. Ya tatu ikawa gauni la kahawia, blauzi nyeupe ndani yake. Ya nne akafunga leso kiunoni kama mshipi. Vitu sita vile vilijuana kama watu wa boma moja, ukishika chochote kinakubaliana na kingine. Ijumaa, kabla jua halijatua, sisi Wasabato tulikuwa tunakazana kufua na kupiga pasi ili Sabato ikute kazi zimeisha. Mimi nilikuwa nalia mbele ya sanduku kwamba sina cha kuvaa. Akeyo alikuwa amemaliza zamani, ameketi mlangoni anamenya njugu.

"Mtoto huyu ana nguo ngapi?" Mama Rosa, aliyefundisha kwaya ya watoto, alimuuliza mama yangu siku moja. "Kila Sabato ni mpya."

Mama akacheka. "Hana nyingi. Ni vile anajua kuzivaa." Halafu akanitazama mimi na mahameli yangu, jua kali la saa sita.

Wivu ni kitu cha mwili, jamani. Mimi wangu ulikaa hapa, chini kidogo ya koo, na nikimeza ugali unakataa kupita. Niliuonea wivu hata msumari wake. Usiku nilisikia anavyopumua kwa utulivu upande wa ukutani nikakasirika kwamba hata kulala alilala vizuri. Nilijaribu kumuiga, nikavaa blauzi ya zambarau na sketi ya maua, nikatupa sweta mabegani. Jirani akaniuliza kama nguo zangu zingine zimenyeshewa.

Ikafika Julai, na makambi yalikuwa Agosti. Kwa wasiojua, makambi ni ile wiki ambayo Wasabato wa kila upande hukusanyika na kuimba tangu asubuhi, na kwa mtoto wa Rongo hakukuwa na jambo kubwa kuliko hilo. Kwaya yetu ilitaka msichana mmoja wa kutembea mbele akishika bango. Nililitamani lile bango tangu nilipokuwa darasa la pili. Mama Rosa akatangaza kwamba ni Akeyo, kwa sababu sare ni sketi ya buluu na blauzi nyeupe, na Akeyo huvaa kwa heshima. Wenzangu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, polepole.

Siku ya soko iliyofuata Akeyo alikwenda mtoni kuchota maji. Mama alikuwa ametangulia sokoni na nilitakiwa nimpelekee kapu la nguo za kumwaga chini. Niliichukua ile sketi kwenye msumari. Nakumbuka ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia, na upindo wake, pale chini, ulikuwa umekunjwa na kukunjwa mpaka ukawa mgumu kama jalada la kitabu. Nikacheka moyoni, nikisema huyo mama mdogo hakujua kushona kumbe. Nikaisukuma katikati ya kapu.

Sokoni nilimwaga kapu juu ya turubai kama kawaida. Mama alikuwa anabishana na mteja kuhusu koti, hakugeuka. Nilisimama pale. Bado ningeweza kuinama niitoe, na nataka mjue kwamba nililijua hilo. Mwanamke mmoja aliyekuja na watu wa Ogwedhi, shanga shingoni, akachambua, akachambua, akaivuta. Aliinyoosha juani, akavuta mshono kupima nguvu yake, akaridhika. Mama alipokea pesa huku bado anabishana na yule wa koti. Hivyo tu, ikaondoka.

Nilifurahi. Nilifurahi njia nzima ya kurudi nyumbani, mpaka nilipofika mlangoni na kuona ule msumari.

Akeyo aliitafuta siku tatu. Alitafuta kwenye kamba ya nguo, chini ya kitanda, kwenye vichaka nyuma ya choo kama labda upepo uliibeba. Mama alituita sote wawili. "Pamela, umeona sketi ya dada yako?"

"Sijaona, Mama."

Akeyo alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama jinsi mtu anavyotazama mlango akiwa hana hakika kama anaruhusiwa kuingia. Kisha akasema, "Labda iliibwa kwenye kamba, Mama. Niliiacha nje." Nilijua hakuiacha nje, lakini nilikuwa na shukrani nyingi kiasi kwamba sikujiuliza kwa nini amesema hivyo.

Bila ile sketi, mambo yake yote yalianguka. Blauzi mbili hazikuwa na mahali pa kukaa, sweta ikawa sweta tu. Lile gauni la kahawia alilivaa Sabato mbili mfululizo, na ya tatu Mama akalifungua sanduku langu akampa gauni jekundu lenye utepe. Akeyo alisema asante, akalivaa, akaenda kanisani akiwa kama sisi wengine. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na lile bango likapewa msichana wa nyumba ya pili ambaye hata kuimba hakujua.

Desemba hiyo Mama alinichukua kwenda Ogwedhi, akauze nguo siku ya soko la mifugo. Nilikuwa naokota hanga za nguo zilizoanguka nilipomwona msichana amesimama kando ya mbuzi. Alikuwa mkubwa, wa kuolewa kesho, mrefu kama mama yangu. Amevaa sketi ya buluu, kiunoni imeongezwa kipande, na inamfika chini ya magoti. Nisingeitambua kama si ule upindo. Ulikuwa umefunguliwa wote, na chini ya sketi kulikuwa na mistari mitatu ya kitambaa ambacho jua halikuwahi kukigusa, kimekoza, mmoja chini ya mwingine kama ngazi. Niliitazama mpaka yule msichana akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia hakuna. Usiku ule sikula, Mama akasema ni maji ya Ogwedhi.

Nilijua kwamba ni mistari ya maana. Maana yenyewe sikuijua, na sikuuliza, kwa sababu wa kumuuliza alikuwa mmoja tu.

Tulikua. Akeyo alisoma, akawa mwalimu, sasa anaishi Homa Bay. Nguo zake zote zinatoshea kwenye fimbo moja nyuma ya pazia, na bado akipita barabarani watu wanageuka. Mimi kabati langu nalifunga kwa goti. Mnaona, mambo mengine hayaishi.

Mama alipofariki, tulikaa chini baada ya mazishi kugawa nguo zake, kama ilivyo desturi kwetu. Nguo za marehemu hazibaki zimetundikwa, lazima ndugu wazigawane, huyu leso, yule koti. Mashangazi walikuwa wamechukua zao na kwenda jikoni. Tulibaki mimi, Akeyo na binti yangu wa miaka tisa aliyekuwa akicheza na vifungo. Sijui ni nini kilinisukuma. Labda ile harufu, kwa sababu Mama alinukia mitumba hadi mwisho. Nikasema, "Akeyo, ile sketi yako niliiuza mimi."

Aliendelea kukunja. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku hiyo. Nilirudi kuchukua kata ya kuwekea mtungi kichwani, nikakuona dirishani ukiiweka kwenye kapu."

Nikamwambia juu ya msichana wa Ogwedhi na ile mistari mitatu. Hapo akaacha kukunja. Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto wa darasa lake. Mama yake alijua kwamba anakufa. Alijua pia kwamba akishazikwa nguo zake zitagawanywa, na mtoto atapata labda leso. Kwa hiyo alizikata angali hai, kitandani, akashona tano ndogo, rangi zinazokubaliana, ili mtoto akiwa peke yake asikosee. Na ile sketi akaikunja upindo mara tatu.

"Aliniambia nifungue mmoja kila Desemba," Akeyo akasema. "Alisema wa mwisho ukiisha, nitakuwa mkubwa, nitajishonea mwenyewe."

Sikuweza kumtazama. Nilikuwa nimeketi juu ya nguo za mama yangu mimi, aliyenipa nafasi ya kuchagua kwenye kila beli mpaka nikazeeka nikiwa sijui kuvaa, nikimlinganisha na yule aliyeshona miaka mitatu ndani ya sketi. Na hapo hapo, Mungu anisamehe, wivu ukaja tena, palepale chini ya koo.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Ulimwambia Mama iliibwa."

"Ningesema, halafu? Ungechapwa, ungelia, jioni Mama angekubembeleza kwa sababu wewe ni wake. Mimi ningebaki yule mtoto aliyeleta kesi kwa watu." Alinyoosha blauzi ya Mama juu ya paja lake. "Mama mmoja nilikuwa nimeshamzika, Pamela. Sketi ningeweza kuiacha."

Jikoni mashangazi walikuwa wanacheka juu ya jambo fulani. Akeyo alipekua rundo lililobaki, akatoa gauni la buluu ambalo Mama alilivaa Sabato, akaligeuza ndani nje kutazama mishono. Akamwita binti yangu, akampima kiunoni kwa kiganja, kisha magotini, kisha akashusha kiganja chini zaidi, na chini zaidi.

"Niletee makasi," akaniambia.

Nikaenda kuyatafuta.