Vyoo Viwili vya Nyamlenge

Ukitoka Iringa kwenda Mbeya, barabara inapita mahali pengi penye sababu nzuri za kuwa mji. Hapa kuna mto, pale misheni, kule mashamba ya mzungu na kambi ya vibarua wake. Nyamlenge haikuwa na hata kimoja katika hivyo. Ilikuwa na kilima. Kilima chenyewe hakikuwa kirefu sana, ila kilikuwa na tabia ya kuanza upya pale dereva alipodhani kimekwisha, na gari lililofika kileleni lilifika likitoa mvuke kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Hapo lilisimama, likapoa, likanyweshwa maji. Mji mzima ulizaliwa katika muda huo wa kupoa.

Historia yake kabla ya hapo ni fupi. Wahehe walipita wakienda vitani, wakaona baridi ile, wakaendelea na safari. Wajerumani walipita wakiwafuata Wahehe, nao hawakukaa. Wa kwanza kukaa alikuwa mwanamke, Severina, mzaliwa wa Kihesa, aliyeolewa na kibarua wa barabara na kuletwa juu huko kwenye kambi ya mahema. Mume alifariki kwa kichomi. Kambi ikahamishwa. Severina akabaki na kibanda, mabinti wawili, na chemchemi iliyokuwa chini ya kilima. Ndugu zake walikuja kumchukua arudi nyumbani. Akawapikia, akawanawisha mikono, akawasindikiza hadi barabarani, akarudi peke yake.

Akawa anapandisha maji kwa debe kichwani, ya rejeta kwanza, ya chai baadaye. Chai ilipouzika akaja Mwarabu na duka la chumvi na kaniki. Akaja Sedekia, fundi seremala, Mlutheri, ambaye hakukubaliana na Severina Mkatoliki juu ya jambo lolote isipokuwa kazi. Mwishowe akaja Jumbe Kalinga, aliyewekwa na serikali ili pawe na mtu wa kulaumiwa. Ilipofika mwaka 1953, Nyamlenge ilikuwa na nyumba zilizotosha kuanza kujiita mji.

Kosa lilianza kwa nia njema. Jumbe alisikia kwamba Bwana Shauri, mzungu wa serikali wa wilaya, angepita, akaona haya kwa ajili ya kile kilima.

"Barabara ikiwa safi," aliwaambia watu, "serikali itatuona."

Akaitisha mgowe. Mgowe ni kazi ya pamoja ya kijiji kizima, na ujira wake ni ulanzi, pombe ya mianzi. Ilikuwa masika, na mianzi ya Severina ilitiririka kuliko ya mtu yeyote pale juu, kwa hiyo ulanzi ulitoka kwake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu wa huku hawapimi mgowe kwa kazi iliyopo, wanaupima kwa ulanzi uliopo. Serikali ingeridhika na mashimo kufukiwa. Nyamlenge ilichonga kilima. Walichimba ukingo, wakaizungusha barabara ubavuni, wakapanga mawe, na kila kibuyu kipya kilipoletwa waliona aibu kuacha. Ulanzi ulipokwisha, kilima nacho kilikuwa kimekwisha.

Bwana Shauri alipita. Alipita vizuri sana, pengine hata hakujua kwamba amepita.

Basi la Relwe, lile la shirika la reli, nalo likapita. Dereva wake, Asukile, Mnyakyusa wa Rungwe mwenye adabu zake, alipiga honi na kupunga mkono. Gari halikuwa na kiu. Malori yakafuata mfano huo. Chai ya Severina ikawa inachemka asubuhi na kumwagwa jioni, na kabla mahindi hayajavunwa Mwarabu alikuwa akifunga mizigo yake na kuisifu Mbalizi.

Jumbe na Sedekia wakaja kwa Severina, wakakaa kwenye benchi la abiria, maana abiria hawakuwepo.

"Nimewaza, mama Severina," alisema Jumbe kwa sauti ya chini. "Shimo dogo tu. Pale kwenye kona. Mvua ndiyo itakayosingiziwa."

"Barabara ile nimeilipia kwa ulanzi wangu, baba Jumbe. Sichimbui kitu nilichokilipia."

"Basi mji utakufa."

"Utakufa mimi nikiwa wapi?" alisema Severina, akaenda kuzima moto wa chai.

Kesho yake alivaa viatu vya kanisani, akasimamisha basi, akapanda kama abiria. Alikwenda hadi Mbeya, akalala kwa watu wa parokia, akarudi nalo. Hakununua kitu. Alikuwa akiangalia watu. Akaona kwamba basi lilisimama porini mara moja, wanaume wakashuka kwa furaha, wakaupa mgongo umma na kupiga soga. Wanawake walibaki vitini. Nje kulikuwa na uwanda mtupu wa nyasi fupi, hakuna hata kichaka cha kumficha sungura. Akaona pia kwamba hakuna mwanamke aliyekunywa chai tangu Mbeya, na wote walikuwa wakiitazama barabara kwa macho ya mtu anayehesabu mizigo ya mwenzake.

Aliporudi alisema atajenga choo. Choo cha barabarani, chenye mlango na komeo.

Jumbe alichukizwa. "Mji wetu ujulikane kwa choo?"

"Ulikuwa ukijulikana kwa rejeta. Hukuwahi kulalamika."

Akaitisha mgowe. Lakini sasa ilikuwa kiangazi, mianzi imekauka, na mgowe bila ulanzi ni maneno tu. Hakuja mtu. Severina akachimba mwenyewe na mabinti zake, katika ardhi yenye mawe mengi kuliko udongo. Kucha zilimtoka. Sedekia alipita akaenda zake, akapita tena, mara ya tatu akaja na sururu.

"Sijaja kusaidia," alisema. "Nimekuja kwa sababu mnachimba vibaya."

Choo kilipoezekwa, Severina alisimama katikati ya barabara mpaka Asukile akakanyaga breki. Wanaume wakashuka, wa kwanza mzee mmoja wa Kinyakyusa mwenye koti na fimbo, akaingia chooni, akatoka akiisifu kazi ya fundi. Wanawake hawakushuka. Severina akapanda ndani. Kwenye kiti cha nyuma kabisa aliketi mwanamke kijana, Tupokigwe, ameinama, kanga imefunika kichwa na uso.

"Mbona hushuki, binti yangu? Unaumwa?"

"Siumwi, mama." Sauti ilikuwa ndogo. "Yule mzee mwenye koti ni baba mkwe wangu. Siwezi kuingia mahali alipotoka yeye. Hata alama za miguu yake sizikanyagi."

"Hata ukiwa umebanwa?"

"Nimebanwa tangu Iringa."

Wenzake wa kutoka Rungwe wakaitikia kwa vichwa. Mwingine alisema baba mkwe wake hayumo, lakini wa shoga yake yumo, na mtu utajuaje nani ni mkwe wa nani humu ndani. Severina, mtoto wa Kihehe, alijua heshima ya mkwe. Ila hakufikiri kwamba heshima hupanda basi.

Asukile alikuwa akikwaruza usukani kwa ukucha. "Usinichukie, mama. Siwezi kuwa nasimama kwa nusu ya basi. Na hiyo nusu yenyewe, mti wowote unaitosha."

"Nipe mpaka mvua."

"Mvua ikija nitapita tu, mama. Nina saa zangu."

Palikuwa na mahali pamoja tu Nyamlenge ambapo mtu angeweza kuingia asionekane na aliye ng'ambo ya barabara, napo ni katikati ya mianzi ya Severina. Mianzi ile ndiyo iliyobaki kumlisha. Alichukua panga, akakata njia hadi moyoni mwa kichaka, na kila mti uliolala chini ulikuwa ulanzi ambao hangeugema tena. Binti yake mkubwa alimwuliza kama ana hakika. Akasema hana, lakini panga limekwisha kunolewa.

Mvua za kwanza zilipoanguka, mianzi iliyosalia ikaanza kutoa, naye akaitisha mgowe mara nyingine. Safari hii wote walikuja, Jumbe akiwa mbele. Severina aliketi juu ya vibuyu kama kuku juu ya mayai.

"Mtachimba shimo moja humu mianzini, la choo cha wanawake," aliwaambia. "Likifikia kimo cha Sedekia mnaacha. Anayetaka kuendelea akaendelee kwake. Ulanzi ni baada ya kazi."

Kulikuwa na manung'uniko, hasa kwa kuwa Sedekia ni mrefu. Lakini shimo lilifika kimo chake na likaishia hapo, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya mgowe wa Nyamlenge.

Basi lilipotokea, Severina hakusimama barabarani. Alisimama mlangoni kwake, mikono imekunjwa, nyuma yake njia nyembamba ikiingia kwenye mianzi na kupotea. Asukile alipiga honi, akapunga mkono, akaongeza moto. Ndipo mlio wa ngumi kwenye bodi ya basi ukasikika kutoka nyuma. Ngumi moja, halafu nyingi.

"Dereva, tushushe," alisema Tupokigwe kutoka ndani ya kanga yake, maana alikuwa amerudi tena safarini. "Safari hii tunashuka sisi kwanza."

Basi lilisimama hatua chache mbele ya duka la Mwarabu, ambaye kuhama kwake kulikuwa bado hakujaisha; alikuwa na sanduku moja mkononi, akabaki nalo akitazama. Wanawake wakashuka upande wa mianzi, wakaingia mmoja mmoja. Wanaume wakapewa choo cha kwanza, upande wa pili wa barabara. Waliotoka walinawa, na waliokwisha kunawa waliona chai.

Severina alichukua debe lake, akaelekea chemchemi. Asukile alimwita kutoka dirishani.

"Rejeta haihitaji maji, mama."

"Nani amekuuliza habari za rejeta?" alisema Severina bila kugeuka. "Shuka ukanywe chai."