Nyota za Mama Kwenye Spika ya Arobaini

Jamani, hili nawasimulia huku nimejifunika uso, maana mpaka leo nikipita mtaa wa Rusimbi kuna watu wananiita Nyota.

Mdogo wangu Rama alizama ziwani na mtumbwi wake, mwili haukupatikana, na tangu hapo mama hakusema neno wala hakulia, anakaa tu mlangoni kwetu Ujiji anaangalia maji. Basi mimi (mjuaji wa mtaa, mwenye simu kubwa) nikaingia kwenye ile programu ya akili mnemba, nikaiambia imtibu mama huzuni kwa michoro. Ikasema mpe karatasi, achore chochote, kisha nitumie picha. Mama hakubisha. Asubuhi ya arobaini akachukua mkaa, akaipaka karatasi yote nyeusi, akaacha vidoti vyeupe vimejipanga, na kimoja mbali peke yake.

Nikakimbilia chumbani, nikapiga picha, nikatuma, na kwa kuwa macho yalikuwa yananiwasha kwa moshi wa pilau (uongo, nilikuwa nalia) nikabonyeza inisomee jibu kwa sauti. Nilichosahau ni kwamba simu hiyohiyo ilikuwa imeunganishwa na spika ya kwenye turubai, tulikuwa tunapigia kaswida. Nasubiri, kimya, naongeza sauti, kimya, naongeza mpaka mwisho, kumbe huko nje mashehe wameacha dua na watu wote wanamsikiliza mwanamke wa kwenye simu anavyochangamka: "Hongera! Mama yako amechora anga lenye nyota. Ana utulivu. Nyota iliyojitenga ni moyo ulio huru. Mwambie asherehekee!"

Kuna kijana alicheka. Nikatoka mbio bila mtandio, nikajikwaa kwenye waya, spika ikaangukia sinia la pilau, na baba mdogo akafoka, "We Zuhura! Arobaini ya ndugu yako umeifanya harusi?"

Hapo mama akainuka pale mlangoni.

"Siyo nyota," akasema, sauti imekauka. "Ni taa za wavuvi. Usiku ule alipozama nilikaa hapahapa nikaziona zote. Ile ya peke yake ni ya Rama, niliiangalia mpaka ikazimika." Akanigeukia. "Mwana wanje, mwanangu, tunalala nyumba moja. Mbona hukuniuliza mimi?"

Kisha akalia, akalia kweli, na wanawake wakamshika, maana mimi niliona aibu hata kumsogelea mama yangu mwenyewe.

Ile programu nimeifuta, na sitaikabidhi tena uchungu wa mtu. Siku hizi jioni nakaa naye mlangoni, taa zikianza kuwaka ziwani namuuliza, "Mama, ile ya nani?" Ananitajia wavuvi mmoja mmoja. Akifika kule mbali kwenye giza hataji mtu, na mimi namsogelea.